Tahariri: Lusangi, baruti itoke ndani ya nyumba za kulala

Kusini mwa Maniema, kutoka Kasongo hadi Lusangi na Kabambare, bunduki ya mwindaji ni chombo cha kazi kama vile jembe na panga. Inafukuza nyani na nguruwe pori kwenye shamba la mpunga na muhogo. Inaleta nyama ya pori, na siku ya soko nyama hiyo inageuka kuwa chumvi, sabuni na daftari za watoto. Lakini bunduki bila masasi ni fimbo tu. Kartushi mpya ya kalibre 12 ina bei kubwa, njia ni mbovu, na butiki inayoiuza haiko karibu. Ndiyo maana mwindaji hatupi ganda la kartushi aliyokwisha kupiga. Analiokota, analirudisha nyumbani, na usiku analijaza tena.

Ubaya unaanzia kwenye neno hilo, nyumbani. Nyumba nyingi za huku zina vyumba viwili au vitatu. Katika chumba kimoja wanalala wazazi, katika kingine watoto, na magunia ya karanga yanapangwa ukutani. Mjini Kasongo, kijana aliyetoka kijijini anapanga chumba kimoja tu, na humo anapika, analala na kuweka mali yake yote. Pale mwindaji anapoweka baruti, fataki, vipande vya risasi na vyombo vyake vya kujazia, ameweka kiwanda kidogo cha silaha katikati ya jiko na mkeka. Wanaolala humo hawakuulizwa kama wanakubali. Jirani wa upande wa pili wa ukuta hajui hata kidogo.

Kiwanda hicho lazima kitoke ndani ya nyumba. Na serikali, inayopaswa kusema hivyo kwa sauti kubwa, haiwezi kusema hivyo tu na kumwacha mkulima mikono mitupu mbele ya nguruwe pori.

Kitu ambacho hakisamehe

Baruti si kuni. Kuni zinawaka polepole na mtu ana muda wa kukimbia au kumwaga maji. Baruti nyeusi inawaka kwa mara moja, na ikiwa imefungwa ndani ya chupa au mkebe, moto wake unakosa njia ya kutoka na kugeuka kuwa mlipuko. Cheche moja ya jiko inatosha. Sigara inatosha. Koroboi iliyopinduliwa na paka inatosha. Fataki ndiyo hatari zaidi, kwa sababu haihitaji moto: imetengenezwa ili iwake kwa kugongwa. Mtoto anayeokota kitu kidogo kinachong'aa na kukigonga kwa jiwe anafanya kazi ile ile ya nyundo ya bunduki.

Kuna pia hatari inayosubiri porini. Kiwandani, kila kartushi inapewa baruti iliyopimwa kwa uangalifu, na sehemu ya kila fungu inajaribiwa kwa mashine ya kupima nguvu ya msukumo. Usiku, chini ya mwanga wa tochi, mwindaji anapima kwa jicho na kwa mazoea. Siku baruti ni nyingi kuliko kawaida, au ni ya aina nyingine kuliko ile aliyoizoea, nguvu inayopaswa kutoka mbele inapasua chuma na kurudi usoni. Bunduki nyingi za kienyeji zimetengenezwa kwa chuma ambacho hakikukusudiwa kazi hiyo tangu mwanzo. Mwindaji anaweza kupoteza vidole, jicho au maisha. Mke wake anaweza kupoteza mtu aliyekuwa analisha nyumba.

Na ajali ikitokea Lusangi, msaada uko mbali. Lusangi ina ukanda wake wa afya, mmoja kati ya 18 ya jimbo la Maniema, lakini kidonda kikubwa cha moto kinahitaji maji ya mshipa, dawa za maumivu, upasuaji na wiki nyingi za kubadilisha bandeji. Mgonjwa anabebwa kwa pikipiki au kwa machela katika njia ambayo mvua inaikata. Kutoka Kasongo hadi Kindu, mji mkuu wa jimbo, ni zaidi ya kilomita 200. Hakuna gari la zimamoto litakalofika kijijini kabla paa la nyasi halijaisha. Zimamoto ya kijiji ni ndoo, kisima na majirani.

Maniema iliona jambo hili zamani

Watu wa Kasongo na Kabambare hawahitaji kwenda mbali kutafuta ushahidi. Mji wa Kasongo ulikua kama makao ya Hamed bin Muhammed el-Murjebi, anayejulikana kwa jina la Tippu Tip, jina ambalo masimulizi mengi yanalifananisha na mlio wa bunduki zake. Biashara yake ya pembe za ndovu na ya watumwa ilisimama juu ya mapipa ya baruti yaliyobebwa kichwani kutoka pwani. Aliyekuwa na baruti alitawala, na aliyekosa alifungwa minyororo.

Mwaka 1890, mataifa yaliyokutana Brussels yalitia sahihi mkataba wa kupiga vita biashara ya watumwa, na ndani yake yakaweka vizuizi vya kuingiza silaha na masasi katika sehemu kubwa ya Afrika. Kwa hiyo hata zaidi ya miaka 130 iliyopita ilijulikana kwamba kuzuia bunduki bila kuzuia kinachojazwa ndani yake ni kufunga mlango na kuacha dirisha wazi.

Kisha ikaja vita kati ya majeshi ya Dola Huru ya Kongo na wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili. Kasongo ilitekwa tarehe 22 Aprili 1893. Muhammad bin Khalfan, aliyeitwa Rumaliza, aliendelea kupigana ndani ya ngome yake. Mwezi wa Januari 1894, kombora lilipiga ghala lake la baruti. Moto uliteketeza ngome nzima, na watu wengi waliokuwa humo walikufa wakijaribu kutoka. Tarehe 25 ya mwezi huo huo, Kabambare nayo ilichukuliwa. Baruti iliyowekwa ili kulinda watu ndiyo iliyowamaliza, kwa sababu ilikaa mahali pamoja nao.

Si jambo la karne ile tu. Tarehe 4 Machi 2012, asubuhi ya Jumapili, ghala la silaha la jeshi lililipuka katika mtaa wa Mpila mjini Brazzaville, katikati ya makazi ya watu. Zaidi ya watu 200 walikufa, na kishindo kilisikika hadi Kinshasa, ng'ambo ya mto. Dar es Salaam iliona msiba wa aina hiyo mara mbili: Mbagala tarehe 29 Aprili 2009, na Gongo la Mboto usiku wa tarehe 16 Februari 2011. Kila mara walikufa watu wasiopungua 20, na watoto walipotezana na wazazi wao katika kukimbia. Hayo yalikuwa maghala ya majeshi, yenye walinzi, milango ya chuma na maafisa waliosomea kazi hiyo. Ikiwa majeshi yameshindwa kuishi salama karibu na baruti yao, mkebe ulio chini ya kitanda hauna sababu ya kuaminiwa.

Ni kweli kwamba mkebe mmoja hauwezi kubomoa mtaa mzima. Lakini kwa familia iliyolala juu yake, tofauti hiyo haina maana.

Sumu isiyopiga kelele

Kuna hatari nyingine ambayo haizungumzwi, na lugha yenyewe inaifichua. Kwa Kiswahili, neno risasi lina maana mbili: kitu kinachotoka ndani ya bunduki, na madini yenyewe, mazito na laini, yanayotumika kukitengeneza. Madini hayo yanayeyuka kwa joto la nyuzi 327 tu, joto ambalo moto wa mkaa unalifikia bila shida. Ndiyo maana watu wanayayeyusha jikoni, mara nyingine kwenye chombo ambacho kesho yake kitarudi kupika sombe.

Moshi na vumbi lake vinakaa sakafuni, kwenye nguo na kwenye mikono. Mtoto mdogo anayetambaa anavipeleka mdomoni. Risasi ikiingia katika damu ya mtoto inaharibu ubongo unaokua: anachelewa kusema, anashindwa kusoma, na kama kiasi ni kikubwa anapata degedege na kufa. Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Mama anaweza kufikiri kwamba mtoto amerogwa au ana malaria ya kichwa, kumbe sumu iko kwenye sufuria.

Wachimbaji wa dhahabu wa Namoya na Salamabila wanapaswa kusikia habari ya Zamfara, kaskazini mwa Nigeria. Mwaka 2010 iligunduliwa kwamba watoto walikuwa wanakufa kijiji baada ya kijiji. Baba zao walikuwa wanaponda mawe ya dhahabu ndani ya uwanja wa nyumba, na mawe hayo yalikuwa na risasi nyingi. Watoto wasiopungua 400 walikufa. Hakuna mzazi aliyekusudia mabaya. Walileta kazi nyumbani, basi. Na Zamfara hakukuwa na mlipuko wowote wa kuwaonya.

Nani anachukua masasi hayo?

Hadi hapa tumezungumziwa mwindaji mwema, anayejaza kartushi zake mwenyewe kwa ajili ya shamba lake. Lakini kusini mwa Maniema hakuna kona ya baruti inayobaki siri ya mwenye nyumba kwa muda mrefu. Kwa miaka mingi, Mai-Mai Malaika na makundi mengine wamepita katika vijiji vya Kabambare na Kasongo. Karibu na Salamabila, mapigano yanayozunguka dhahabu yamekimbiza raia mara nyingi, na mgodi wa Namoya ulisimamisha kazi mwaka 2019 kwa sababu ya ukosefu wa usalama. Mtu anayejulikana kwamba anaweza kujaza masasi ana ufundi ambao wenye silaha wanautafuta.

Watakuja kwanza kwa upole, na kuomba kidogo. Mara ya pili wataleta pesa au nyama. Mara ya tatu watakuja usiku, na hawataomba. Na askari wa serikali nao wakisikia, nyumba hiyo itaonekana kuwa ghala la waasi. Mwindaji aliyetaka tu kufukuza nyani atajikuta kati ya moto mbili, na watoto wake pamoja naye. Kujaza masasi nyumbani kunaonekana kumpa mtu uhuru wa kutotegemea mtu yeyote. Ukweli ni kwamba kunamfanya mtumishi wa yule mwenye bunduki nyingi zaidi.

Sheria inalijua jambo hili. Sheria namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985 inaweka silaha pamoja na masasi yake chini ya idhini ya serikali. Raia anayekutwa na masasi ya vita anaweza kufikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Mkataba wa Afrika ya Kati juu ya silaha ndogo ndogo, uliopitishwa mjini Kinshasa tarehe 30 Aprili 2010 na kuanza kutumika mwaka 2017, unataja katika jina lake lenyewe silaha, masasi, na vipande vyote vinavyoweza kutumika kuzitengeneza au kuzikarabati. Mkataba huo una jina la mji mkuu wa nchi hii. Itakuwa aibu maneno yake yasifike Lusangi.

Hoja ya mwindaji

Mwindaji ana majibu yake, na yanastahili kusikilizwa. Atasema: baba yangu alijaza, babu yangu alijaza, na nyumba haikuungua. Atasema: nionyesheni mahali pa kununua kartushi halali kwa bei ninayoiweza. Atasema: mnachukua baruti yangu, lakini nguruwe pori hawajasaini mkataba wowote. Na kijana mwenye simu ataonyesha video ya mtu wa Marekani aliyefunga mashine yake ya kujazia masasi juu ya meza ndogo, ndani ya chumba cha ghorofa, bila wasiwasi.

Kuhusu babu, jibu ni rahisi: wazee wengi waliweka baruti yao mbali na moto, na walioungua hawakuacha wajukuu wa kusimulia. Kuhusu Marekani, video haionyeshi yote. Yule mtu anatumia vifaa vilivyotoka kiwandani, vyenye kipimo kilichoandikwa na mizani ya kukihakikisha. Hata hivyo, kanuni za kuzuia moto zinazofuatwa sana kule zinaweka kikomo cha baruti isiyo na moshi katika nyumba ya kuishi, paundi 20, yaani kama kilo 9, ikiwa ndani ya vyombo vyake vya asili, na zinahesabu hata fataki. Na moto ukianza, gari la zimamoto linafika. Kuiga meza bila kuiga ulinzi wake ni kuiga nusu ya jambo, na ile nusu ya kuua.

Lakini kuhusu bei na kuhusu nguruwe, mwindaji ana haki. Serikali iliyotunga sheria ya kuwinda mwaka 1982 na sheria ya silaha mwaka 1985 haijaonyesha mkulima wa Kabambare ofisi anayoweza kuifikia kwa mguu ili apate kibali. Kibali kinachodai safari ya siku kadhaa, karatasi nyingi na pesa za mkononi kwa kila meza si kibali. Ni ukuta. Na watu wanapokuta ukuta wanazunguka nyuma yake, usiku, na mkebe wa baruti.

Kazi iko wapi

Kazi ya kwanza ni ya familia, na haingoji Kinshasa. Baruti, fataki na vyombo vya kujazia visilale chini ya paa moja na watu. Risasi isiyeyushwe jikoni, na sufuria iliyoguswa na risasi isirudi kupika chakula. Mtoto afundishwe jambo moja lililo wazi: kitu cha chuma kilichookotwa njiani au shambani, kiwe kipya au chenye kutu, hakiguswi, hakirushwi, hakigongwi, anaitwa mtu mzima. Masasi ya vita yaliyoachwa porini hayabebwi kwenda nyumbani hata kama yanaonekana mazima. Akina mama wana sauti katika jambo hili, kwa sababu wao ndio wanaolala nyumbani na watoto wakati baba yuko porini. Mama akisema baruti itoke, asiambiwe kwamba hilo ni jambo la wanaume.

Kazi ya pili ni ya machifu wa vijiji, wakuu wa magrupema na wa sekta. Wanawajua wawindaji wao kwa jina. Wanaweza kukaa nao barazani na kukubaliana pahali pamoja nje ya kijiji, mbali na nyumba, shule na kanisa au msikiti, ambapo baruti iliyopo itawekwa wakati jibu la kudumu linatafutwa. Mazungumzo hayo yafanyike bila polisi mlangoni. Mwindaji anayeogopa kukamatwa ataficha zaidi, na kinachofichwa zaidi kinawekwa karibu zaidi na kitanda.

Kazi ya tatu ni ya serikali. Tume ya taifa inayosimamia udhibiti wa silaha ndogo ndogo, na programu ya kuwanyang'anya silaha na kuwarudisha wapiganaji katika jamii, P-DDRCS, iliyoundwa mwaka 2021, zimezoea kuhesabu bunduki. Zihesabu pia masasi na baruti, na ziwe na siku za kupokea vitu hivyo bila adhabu, Kasongo, Kabambare na Lusangi. Wasimamizi wa wilaya wapewe uwezo wa kuandikisha bunduki za kuwinda mahali pale pale wawindaji wanapoishi, kwa bei iliyobandikwa ukutani ili kila mtu aione. Na njia nyingine za kulinda mashamba, kama ulinzi wa zamu, uzio na mitego iliyoruhusiwa, ziungwe mkono na watu wa kilimo, ili bunduki isibaki kuwa jibu pekee.

Kazi ya nne ni ya vituo vya afya. Muuguzi anayepokea mtu mwenye vidonda vya moto au mtoto mwenye degedege aulize, kwa upole, kuna kazi gani inayofanyika nyumbani. Aulize ili atibu, si ili ashitaki. Mgonjwa akijua kwamba jibu lake litaishia kwa polisi, atasema kwamba alimwagikiwa na maji ya moto.

Kusini mwa Maniema imelipa gharama ya baruti tangu enzi za misafara ya pembe hadi leo. Amani ya jeshi na ya makundi yenye silaha haiko mikononi mwa mwindaji wa Lusangi. Lakini mkebe ulio chini ya kitanda uko mikononi mwake, na anaweza kuutoa leo kabla jua halijazama. Serikali nayo ina deni kwake: ofisi iliyo karibu, bei iliyo wazi na ulinzi wa shamba. Deni hilo lidaiwe kwa sauti, mbele ya msimamizi wa wilaya na wabunge wa jimbo. Wakati linadaiwa, watoto walale katika nyumba isiyo na baruti.